Wanaosema Pesa za Msitu Ni Sadaka

Ukitajwa mpango wa kumlipa mkulima ili alime bila kumaliza udongo wala msitu, pingamizi ni zilezile.

“Analipwa kwa wajibu wake.” Mkulima wa Wanjohi, huko juu Aberdare nchini Kenya, akipanda ukanda wa nyasi kuzuia mmomonyoko, amepunguza eneo la viazi vyake. Anayefaidi maji safi ya mto Malewa ni mwenye shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Kwa nini mmoja abebe gharama ya mwenzake? Ndiyo maana mwaka 2010 watumiaji wa maji wa kule bondeni walianza kuwapa wakulima wa juu vocha za pembejeo.

“Pesa watakula na miti wataikata.” Hili limepimwa Uganda, magharibi, wilaya za Hoima na Kibaale. Kati ya vijiji 121, 60 vilichaguliwa kwa bahati nasibu; wenye misitu yao wakaahidiwa shilingi 70,000 za huko kwa hekta kila mwaka wasipokata, na wakaguzi wakawa wanapita. Baada ya miaka miwili picha za setilaiti zilionyesha vijiji visivyolipwa vimepoteza asilimia 9.1 ya miti, vilivyolipwa 4.2. Msitu ulipungua kote, sikatai. Ila asiyeona tofauti ya tisa na nne asiachiwe duka.

“Basi walikwenda kukata kwa jirani.” Watafiti walilitazama hilo pia. Hawakuona dalili.

“Tutalala njaa.” Nani kamwambia mkulima aache kulima? Nyasi za nepia za kwenye ukanda huliwa na ng’ombe wa maziwa, na udongo usiosombwa hubaki na mbolea aliyoinunua.

“Malipo yakikoma, shoka linarudi.” Hapa wapinzani wana hoja, na wafadhili huikwepa. Mradi una tarehe ya kufa; kiu ya mji haina. Kwa hiyo alipe anayefaidi, kupitia ankara ya maji au kodi. Costa Rica imewalipa wenye misitu tangu 1997, sehemu kubwa ikitoka kwenye kodi ya mafuta.

Jambo ambalo wapinzani hawaligusi ni hili: kule Hoima na Kibaale ni kama theluthi moja tu ya wenye misitu waliojiunga. Wengine hawakuuelewa mpango. Wengine walihofu ni hila ya kuwanyang’anya ardhi. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kuongeza shilingi. Inataka mkataba anaoweza kuusoma mwenyewe, na karatasi inayosema shamba ni lake.