MTOTO AENDE SHULE GANI?

Jumamosi iliyopita palikuwa na baraza katika lokesheni yetu, chini ya ule mti mkubwa ulio nyuma ya ofisi ya Chifu, na mimi nilikuwapo nikiandika maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mara nyingi maneno ya baraza hufungwa katika jalada, na hakuna ayasomaye tena isipokuwa mende. Lakini shauri la siku hiyo ni shauri la kila nyumba yenye mtoto wa Gredi ya 9, nami nimeona vema niwaletee ninyi pia mlio mbali.

Shauri lenyewe ni hili. Sisi tuna shule moja ya sekondari, nayo ni ya kutwa, ng'ambo ya mto. Januari 2026, watoto wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10, shule yetu ilipata wanafunzi 19 tu. Wenzao walikwenda kwenye mabweni ya mbali, na wengine wachache wangali nyumbani, kwa maana waliitwa shule ambazo wazazi wao hawakuweza kulipa. Basi wazee wakaleta shauri kwamba mwaka huu kila mtoto wa lokesheni yetu aiandike shule hiyo kuwa ya kwanza, na mzazi atakayekataa ahesabiwe kuwa mtu asiyependa kwao.

Msidhani kwamba wazee hawa walisema ovyo. Mzee mmoja aliye na miaka karibu themanini alisimama akaonyesha mikono yake. Alisema kwamba shule ile ni ya Harambee, na kwamba yeye na rika lake walibeba mawe kutoka mtoni kwa mabega, na wake zao wakaleta maji na mchanga, kabla Serikali haijatoa hata bati moja. "Tuliijenga," akasema, "ili watoto wetu wasiende kuomba nafasi katika nchi za watu. Leo mnaiacha ife, na mawe yangu yamo humo ndani." Alipoketi, watu walikaa kimya kwa muda.

Mwalimu Mkuu naye alifafanua jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Kwa hesabu ya Serikali, kila mwanafunzi wa sekondari huwekewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizi huchelewa, na mara nyingine hufika zimepungua, lakini ndizo ziendeshazo shule. Nilipiga hesabu palepale pembeni ya daftari. Watoto 19 ni shilingi 422,636. Kama wangekuwa 60, zingekuwa shilingi 1,334,640. Shule isiyo na watoto haina fedha. Isiyo na fedha haina chumba cha sayansi. Na isiyo na chumba cha sayansi haipati watoto. Huo ni mduara, na hakuna ajuaye aukate wapi.

Ndipo mama mmoja mjane, mkulima wa chai, akaomba ruhusa ya kusema. Hakusema mengi. "Baba zangu, mimi sikatai shule yetu. Mwanangu ataka kujifunza fizikia ili awe fundi wa umeme. Nambieni ni nani atakayemfundisha, nami nitaandika jina la shule hiyo leo hii."

Hapana aliyemjibu, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa swali pekee la siku ile.

Jambo hili la kuamua watoto wa mahali fulani wasome wapi si jipya katika nchi yetu. Zamani za wakoloni lililoamua sana lilikuwa dini. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, Alliance ya Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1926 na misioni za Kiprotestanti zilizoungana, na Wakatoliki walikuwa na shule yao ya Mang'u. Mtoto alifuata kanisa la baba yake, kisha mtihani ukawapunguza wengi sana. Baadaye, mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, ilitoka amri kwamba asilimia 85 ya wanafunzi wa shule za sekondari za mikoani watoke katika sehemu zilizo karibu. Kusudi lilikuwa jema, yaani wenyeji wasikose nafasi katika shule zilizo mlangoni pao. Lakini wengi walilalamika baadaye kwamba mtoto aliweza kumaliza masomo yake yote bila kukaa dawati moja na mtu wa lugha nyingine. Wazee wetu wangefanya amri ndogo ya namna hiyohiyo, tena isiyo na nguvu ya sheria, kwa maana baraza haliwezi kumchagulia mtoto wa mtu shule.

Sasa tazameni mambo yalivyokwenda kwa kikundi cha kwanza. Mwaka 2025 kila mtoto aliandika shule 12. Kati ya hizo, 9 zilikuwa za bweni, yaani 3 za kaunti yake na 6 za nje ya kaunti, na 3 zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo ya kwao. Lakini kabla ya shule, mtoto alitakiwa kuchagua njia: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya njia hiyo akachagua masomo matatu. Kisha mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 ukahesabiwa asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani asilimia 20.

Twaona basi kwamba mpango wenyewe huanza na somo, kisha shule. Sisi wazazi tulianza na shule, tena na jina la shule, na somo likaja mwisho kama mkia. Jirani yangu aliandika shule tisa za bweni kwa kufuata zile zilizosifiwa redioni matokeo yalipotangazwa miaka iliyopita. Zile tatu za kutwa akamwambia mtoto ajaze mwenyewe, "kwa kuwa huko hutakwenda." Mtoto akajaza upesi upesi. Akaitwa hukohuko, katika shule iliyo mbali nasi kuliko hii ya kwetu, na yenye somo moja tu kati ya yale matatu aliyoyataka.

Na karo je? Shule za bweni za ngazi ya juu kabisa hutoza shilingi 53,554 kwa mwaka, na nyingine za bweni shilingi 40,535. Mkulima auzaye gunia la mahindi kwa shilingi 3,500 atatoa karibu magunia 12 kila mwaka kwa ile karo ndogo, na kwa miaka mitatu karibu magunia 35, mbali na godoro, sanduku na nauli. Shule ya kutwa haina ada ya masomo, ila mzazi hulipa chakula cha mchana na kununua sare. Lakini haifai kusema kwamba ya kutwa ni bure. Msichana avukaye mto saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni gizagiza hulipa kwa namna yake, na kazi za nyumbani humngoja mlangoni. Bweni nalo lina hofu yake. Hapana mzazi aliyesahau moto wa Septemba 2024 katika bweni la shule ya msingi huko Nyeri, uliowaua wavulana 21.

Yafaa niseme na habari yangu mwenyewe, ili msidhani nawahubiria kutoka mlimani. Mimi nilichaguliwa na jina. Baba yangu alipoona maksi zangu, aliandika shule ya misioni iliyokuwa mbali sana, kwa sababu tu mkwe wake alikuwa ameisifu. Walimu wake walinifunza kuandika, nao mkate nilao leo nimeupata kwa kalamu hiyo, kwa hiyo siilaumu. Lakini mimi nilitaka ufundi wa mitambo, na somo hilo halikuwapo. Mwaka wa kwanza baba aliuza mtamba. Mwaka wa pili akauza ng'ombe wa maziwa. Dada yangu mdogo, aliyekuwa darasa la nane na mwenye akili kunipita, aliambiwa angoje mwaka mmoja ili mimi nimalize. Alingoja. Mwaka ule haukwisha, wasomaji wangu. Aliolewa akiwa bado anangoja, ilhali shule ya kutwa ilikuwako palepale ng'ambo ya mto, na kila mtu alikuwa akiidharau.

Kwa sababu hiyo, baraza lilipokuwa likielekea kuwa ugomvi, niliomba ruhusa kwa Bwana Chifu nitoke katika ukarani wangu kidogo. Nikamwomba Mwalimu Mkuu atutajie, bila kuona haya, kila somo na mwalimu wake. Alifanya hivyo, na namheshimu kwa hilo, kwa maana si kila mkubwa wa kazi akubaliye kufungua ghala lake mbele ya watu. Biolojia iko, na mwalimu wake ni hodari. Kilimo kiko, na shamba la shule ni zuri kuliko mengi yetu. Historia, Jiografia na Fasihi ya Kiswahili ziko. Hisabati, ambayo mwaka 2025 ilifanywa kuwa lazima kwa wote, ina walimu wawili. Kemia ina mwalimu, lakini vifaa ni haba. Fizikia ina mwalimu mmoja anayegawanywa na shule nyingine, hivi kwamba huja siku mbili kwa juma. Karakana hakuna. Njia ya Sanaa na Michezo haipo kabisa.

Niliandika yote haya katika ukurasa mmoja, na mara shauri likageuka. Mzazi ambaye mtoto wake ataka Kilimo na Biolojia aliona hana sababu ya kuuza magunia 35 kwa ajili ya kutafuta mbali kitu kilicho hapa. Yule mama mjane naye hakulaumiwa tena na mtu, hata yule mzee wa mawe alimwambia, "Mwanangu, mpeleke kijana mahali penye mwalimu." Kisha akageuka akatuuliza sisi wengine kama tutakaa tu tukitazama somo hilo likikosekana. Walikubaliana kwamba watu watano waende kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo kuomba mwalimu wa Fizikia wa kudumu, na kwamba fedha za chumba cha sayansi ziombwe kwa Mbunge kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Mimi nimeagizwa kuandika barua zote mbili. Amri ya kwamba kila mtoto lazima aiandike shule yetu haikupigiwa kura. Iliachwa tu, kama vile mtu aachavyo fimbo njiani baada ya kuvuka matope.

Lakini sijamaliza, kwa maana nilipofika nyumbani nilikuta kwamba nami nina deni. Binti wa dada yangu yule hukaa kwangu, naye yuko Gredi ya 9. Juma lililotangulia nilikuwa nimemjazia karatasi yake kwa penseli, tena kwa mwandiko mzuri, shule za wasichana zenye sifa, na njia ya Sayansi. Usiku ule nikamwuliza, kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe ataka kusoma nini.

"Muziki, Mjomba."

Nakiri nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema kwamba mwalimu wake wa Gredi ya 8 alimfundisha kusoma noti, na kwamba katika kwaya ya kanisa yeye ndiye awapangiaye wenzake sauti, jambo ambalo nalisikia kila Jumapili bila kuuliza ni kazi ya nani. Nikakumbuka mama yake na ule mwaka wa kungoja. Nikachukua kifutio.

Katika shule tisa nilizokuwa nimeandika, sijui ni ngapi zilizo na mwalimu wa Muziki, kwa sababu sikuuliza hata moja. Jumatatu nilianza kupiga simu wakati wa chakula cha mchana. Mpaka leo nimezungumza na shule nne: mbili zina Muziki, moja haina, na ya nne karani wake, ndugu yangu katika kazi, aliniambia nipige tena baada ya saa nane. Baraza litakutana tena Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, na Bwana Chifu ameagiza kwamba safari hii wazazi waje pamoja na watoto wao.