Tarakilishi na mwakenya wake

Ukicheza sataranji na tarakilishi yenye kitabu cha ufunguzi, zile hatua kumi za kwanza unacheza na mwakenya. Kila aliyesoma Kenya anajua mwakenya ni nini: kikaratasi cha majibu kinachofichwa kwenye soksi siku ya mtihani.

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika programu ndogo ya sataranji kwa Java. Bila kitabu ilikuwa kichekesho. Malkia alitoka mapema kama kuku aliyefunguliwa bandani, na askari wa pembeni walisukumwa bila sababu. Nikaipa faili yenye hatua za mabingwa. Rafiki niliyekaa naye chumba kimoja, ambaye aliishinda kila jioni, akaniuliza imeanza kufikiri lini. Wapi! Ilitafuta tu mkao wa ubao kwenye faili, ikiupata inacheza kilichoandikwa.

Sasa tuje New York, 11 Mei 1997 (mimi nikiwa bado nanyonya). Ni mchezo wa sita na wa mwisho kati ya Garry Kasparov na Deep Blue ya IBM. Kasparov, mwenye weusi, alichagua ufunguzi wa Caro-Kann, na katika hatua ya saba akasogeza askari hadi h6. Deep Blue ikamtoa farasi sadaka pale e6. Kasparov alisalimu amri kabla ya hatua ya 20, mechi ikaisha 3.5 kwa 2.5.

Mpaka leo watu husema siku hiyo mashine ilimzidi binadamu akili. Lakini farasi yule hakutokana na uwezo wa kupima mikao milioni 200 kwa sekunde. Alitoka kitabuni. Kitabu chenyewe, chenye mikao kama 4,000, kilitayarishwa kwa mkono, hasa na bingwa mkuu Joel Benjamin wa Marekani akisaidiwa na mabingwa wengine. Sadaka ile ilikuwa ya watu, jamani, na mashine iliikariri tu.

Mtaniambia Kasparov naye alikuja na ufunguzi kichwani, tena ulioandaliwa na wasaidizi. Kweli kabisa. Lakini kichwa huchoka na kusahau, faili haisahau. Na angefungua daftari mezani, angetolewa ukumbini.

Sitaki kitabu kipigwe marufuku. Ningekuwa mnafiki, maana kazini kila siku nahifadhi majibu ili programu isiyakokotoe upya. Ninachodai ni kwamba mwenzako akione. Hilo linawezekana: mwaka 2006 kule Bonn, Vladimir Kramnik alipocheza na Deep Fritz, kanuni zilimruhusu kutazama kitabu cha programu kwenye skrini muda wote ilipokuwa ikichezea humo. Alishindwa hata hivyo, 4 kwa 2, na katika mchezo mmoja akaacha mfalme wake auawe kwa hatua moja. Kosa lake mwenyewe! Hapo nakubali bila kunung'unika kwamba mashine ilishinda.

Halafu mwaka 2017 ikaja AlphaZero, iliyopewa kanuni za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Bila kitabu, ikafikia yenyewe funguzi nyingi ambazo watu walizitafuta kwa karne kadhaa. Huyo ndiye mwanafunzi niliyekuwa nikimngoja. Yule wa 1997 mimi bado namdai mtihani wa marudio, soksi zikiwa zimevuliwa.

Nyinyi mwaonaje?