Karte ya SIM inakufa polepole. Namba ya raia wa Pinga isikufe nayo



Hapa kwetu kila mtu anamjua yule mama anayefunga karte yake ya SIM kwenye kona ya kitenge. Telefone hana. Siku ya soko anafika kwa jirani, anaomba telefone ya kutochi, anaingiza karte yake, anaangalia kama mtoto wake aliye Goma ametuma kitu. Akimaliza anaitoa, anaifunga tena, anarudi shambani. Kile kipande cha plastiki njo banki yake. Njo sanduku lake la barua. Telefone ni ya jirani, lakini namba ni yake.

Leo tunaandika juu ya kile kipande, kwa sababu wenye viwanda wameanza kutengeneza telefone ambazo hazina tena tundu la kukiingiza. Wengine watasema: vijana, vita iko mlangoni, barabara ni matope, na ninyi munaongelea SIM? Ndiyo. Tunaiongelea kwa sababu wakati barabara inafungwa, namba ya telefone njo barabara ya mwisho inayobaki.

Tuanze na mambo yenyewe. Karte ya SIM ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Ujerumani, Giesecke & Devrient, mwaka 1991, na karte 300 za kwanza ziliuzwa kwa kampuni ya telefone ya Finland iliyoitwa Radiolinja. Ilikuwa kubwa sawa na karte ya banki. Tangu hapo imekatwa na kukatwa tena: ile ya kati tuliyoijua kwenye telefone za kwanza, kisha ndogo mwaka 2010, kisha ndogo zaidi mwaka 2012, milimita 12 kwa karibu 9. Wenye kabini wetu waliokuwa wanakata karte kwa makasi wanaijua hii historia bila kuisoma kitabuni.

Lakini plastiki haikuwa kitu cha maana hata siku moja. Cha maana ni ile chipu ya rangi ya dhahabu. Ndani yake kuna namba inayokutambulisha kwa kampuni, na kuna ufunguo wa siri. Ukiwasha telefone, rezo inauliza swali, chipu inajibu kwa ule ufunguo, na rezo inakubali kwamba ni wewe. Ni hayo tu.

Sasa wenye viwanda wamejiuliza: kama kazi inafanywa na chipu, plastiki ya nini? Njo ikazaliwa eSIM. Chipu inabandikwa ndani ya telefone tangu kiwandani, haitoki. Mwaka 2016 muungano wa makampuni ya telefone ya dunia, GSMA, ulitoa kanuni za eSIM kwa vifaa vya watu wa kawaida. Ukitaka namba, hupewi karte: unapewa ule mraba wenye madoadoa meusi, unaupiga picha, na telefone inashusha namba yako kutoka kwenye seva ya kampuni kwa njia ya intaneti. Baada ya eSIM kuna iSIM, ambayo haina hata chipu yake peke yake: imeingizwa ndani ya ubongo wenyewe wa telefone. Mwaka 2023 Qualcomm na Thales walitangaza kwamba yao imepata cheti.

Usiseme haya ni ya wazungu, yatafika kwetu wajukuu wakizaliwa. Tangu mwaka 2022, iPhone mpya zinazouzwa Marekani hazina tundu la karte. Mwaka 2025 iPhone Air imetoka bila tundu kwa dunia nzima. Kwa majirani zetu, Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Tanzania zinatoa eSIM. Na sisi tunanunua nini? Telefone za okazyo, zile ambazo wenzetu wa mbali wamechoka nazo. Kijana atanunua telefone nzuri iliyotoka Marekani, atafungua kartoni kwa furaha, atatafuta mahali pa kuingiza karte, na hatapaona.

Hatukatai maendeleo. eSIM iko na mazuri yake, na tunayasema bila wivu. Haivunjiki, haiingii maji, haipotei kwenye mfuko uliotoboka. Mwizi akikunyang'anya telefone hawezi kutoa karte na kuitupa porini ili usimfuatilie. Telefone moja inaweza kuweka namba nyingi ndani, hata kama mbili tu njo zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Na kwa wale wanaosema eSIM italetwa ili Leta ituone pale tulipo: minara inajua telefone yako iko upande gani tangu zamani, ikiwa na karte ama bila karte. Uoga wetu uwe mahali pake.

Uoga wetu ni huu.

Kwanza, karte inatoka, eSIM haitoki. Yule mama wa kitenge, ukimwambia namba yake itakuwa ndani ya telefone, umemwambia anunue telefone. Tena isiwe ya kutochi, iwe ya bei kali. Moto ukiisha kwenye telefone yako leo, unaingiza karte yako kwa telefone ya rafiki na unaendelea. Kwa eSIM, telefone ikikufa, namba inalala ndani yake mpaka kampuni ikupe nyingine. Na hapa moto ni panneau ya jua, wakati jua lenyewe linataka.

Pili, ili ushushe eSIM unahitaji intaneti. Hapa tunapanda mulima ili kupata vijiti viwili vya rezo. Yaani unahitaji rezo ili upate rezo. Mtu wa Goma anaunganisha wifi ya buroo, anamaliza. Mtu wa Pinga ataunganisha nini?

Tatu, karatasi. Kampuni haiwezi kukupa namba bila kujua wewe ni nani, na hiyo ni sheria. Lakini katika inchi yetu karatasi ambayo raia wengi wanayo ni karte ya uchaguzi. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 Walikale ilipiga kura. Masisi haikupiga, kwa sababu ya vita, na watu wengi wa Masisi hawakuandikishwa. Pinga iko kwenye mpaka wa hizi teritware mbili. Kwa hiyo kwenye soko moja, kwenye kanisa moja, kuna mtu mwenye karte mpya na ndugu yake ambaye hana. Leo yule asiye nayo anasaidiwa na mtu wa kabini anayemjua tangu utoto. Kesho, kama namba inatolewa na mashine inayotaka picha ya uso na picha ya karte, nani atamjulisha kwa mashine?

Tunaijua hasara ya kupoteza namba. Mmoja wetu alimaliza chuo kikuu, akaandika namba yake kwenye kila barua ya kuomba kazi aliyoipeleka. Karte yake ikakufa. Kuirudisha namba ilibidi kwenda mjini, na barabara ilikuwa imefungwa kwa masasi. Alipofika baada ya miezi, aliambiwa namba imekwisha kupewa mtu mwingine. Kama kuna buroo iliyomuita kwa kazi, iliitikiwa na mgeni. Mpaka leo hajui. Hilo lilitokea kwa karte ya plastiki, ambayo inauzwa kila kona. Sasa fikirini.

Nne, hatujasahau RAM. Mwaka 2020 Leta ilileta daftari la telefone, ikisema ni kwa ajili ya kupigana na telefone za bandia na wizi. Watu wakaona unite zao zinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Raia walipiga kelele inchi nzima, na mwaka 2022 ikaondolewa. Somo tulilolipata ni hili: jambo la ufundi likipita kimya, linarudi kama makato. Njo maana tunauliza mapema.

Na kuna neno moja tusilolimeza. Ndani ya kila telefone, yenye karte ama bila karte, kuna bati inayounganisha vipande, na kuna tantali inayotoka kwenye koltani. Bati ya Bisie inatoka Walikale. Koltani ya Rubaya inatoka Masisi, na inahesabiwa kuwa karibu asilimia 15 ya ile ya dunia nzima. Teritware zetu mbili ziko ndani ya telefone za dunia. Si haki zikose kuwa ndani ya rezo.

Kwa hiyo tunasema wazi.

Kwa makampuni ya telefone: karte ya plastiki isiondolewe katika vijiji vyetu mpaka kila raia awe na njia nyingine anayoiweza. Namba ya mtu aliyefungiwa barabara na vita isigawiwe upesi kwa mwingine. Kurudisha namba kufanyike hapa hapa Pinga, kwa wakala anayejulikana. Mwezi wa 5 mwaka 2025 Orange na Vodacom walitangaza kwamba watajenga pamoja minara ya jua katika vijiji vya inchi yetu, 1,000 kwa kuanza, ndani ya miaka 6. Tunauliza: Pinga iko kwenye hiyo orodha?

Kwa ARPTC na Leta: mutoe kanuni za eSIM kwa lugha tunazosema, kabla ya kuzianzisha. Raia asiye na karte ya uchaguzi kwa sababu ya vita apewe karatasi nyingine inayokubaliwa. Na pasiwe tena makato ya kujificha.

Kwetu sisi wenyewe, vijana: tuamuke. Piga *#06#. Utaona namba ya IMEI ya telefone yako. Iandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani, itakusaidia siku ya wizi. Ukiona pia namba ndefu yenye jina EID, jua telefone yako inaweza kubeba eSIM. Kabla ya kununua okazyo, angalia tundu la karte kwanza, rangi baadaye. Usiuze ama kusafisha telefone yenye eSIM bila kuwa na njia ya kurudisha namba. Na ile pini yako ya feza, usimwambie mtu, hata akisema anapiga simu kutoka kampuni.

Sisi tulisoma, na wengi wetu hatuna kazi. Lakini kusoma kunatupa deni: kumueleza yule mama kinachokuja kabla hakijafika. Siku atakapofungua kona ya kitenge chake, tusikubali akute kitu ambacho dunia imeacha kukitambua, na hakuna aliyemwambia.

Namba ni ya raia. Ibaki kwa raia.

Vijana raia wa Pinga, Masisi na Walikale