Muuguzi Amjue Askari Anayemhudumia

Januari 15, 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Januari 27, 2017, wakavamia kambi nyingine huko Kulbiyow. Baadhi ya waliouawa walizikwa kwa heshima za kijeshi. Walionusurika katika miaka hiyo ya vita wanaendelea kustaafu na kurudi vijijini. Wakiugua, huenda hospitali ya kaunti, na anayewapokea ni muuguzi.

Muuguzi huyo ana wajibu wa kujua maisha ya jeshi yanamjengaje mtu. Tangu akiwa kuruti, askari hufunzwa kuvumilia na kutanguliza kikosi. Ndiyo maana akiulizwa hali hujibu, "Niko sawa, sista," hata kama hajalala wiki nzima. Asiyeyajua hayo ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana malalamiko, kisha amruhusu aende zake. Akimkuta ameketi mgongo ukutani, macho mlangoni, atamwona mkaidi. Akimgusa bega usingizini ili ampe dawa, atashtuka kumwona ameruka na ngumi imekunjwa.

Hatusemi kila mwanajeshi mstaafu ana kiwewe, wala kwamba ni mtu wa kuogopwa. Dhana hiyo nayo ni ujinga, na humfukuza mgonjwa kabla hajafungua kinywa.

Kazi inaanza na swali moja: umewahi kutumikia jeshi? Nchini Marekani, Akademia ya Uuguzi imewahimiza wahudumu wa afya kuwauliza wagonjwa swali hilo. Likijibiwa, yafuate mengine kwa upole: alitumwa wapi, alifanya kazi gani, ni wenzake gani hawakurudi. Tunajua wodi zimejaa na wauguzi ni wachache. Lakini swali hili halihitaji mashine wala bajeti.

Wajibu si wa muuguzi peke yake. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022, lakini sheria haimfikii mgonjwa bila mtu aliyefunzwa. Vyuo vya uuguzi viweke somo hili kwenye mafunzo ya afya ya akili. Baraza la Wauguzi litahini somo hilo. Wizara ya Ulinzi itoe wakufunzi, wakiwemo wastaafu wenyewe.

Taifa lililompeleka askari vitani haliwezi kumwambia muuguzi kwamba yaliyompata huko hayamhusu. Yanamhusu, na kutoyajua ni kuzembea kazini.