Chui wa Msitu Wetu Ahesabiwe, Nasi Tuambiwe

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko karibu na Msitu wa Mau Kusini-Magharibi, huenda umekwisha kuona kisanduku kidogo kimefungwa mtini kando ya njia ya wanyama. Wengine husema kimewekwa ili kuwapeleleza wachoma makaa, nao hukivunja. Kisanduku hicho ni kamera. Mnyama apitapo mbele yake, joto la mwili wake huiamsha, nayo hupiga picha yenyewe, mchana au usiku. Ni kweli kwamba mtu akipita hupigwa picha vilevile, lakini mwenye kibali cha kuokota kuni hana la kuogopa.

Mwaka 2021 Serikali ilihesabu wanyamapori wa Kenya nzima kwa mara ya kwanza. Ndovu walipatikana 36,280 na simba 2,589. Katika mbuga, kazi kubwa ilifanywa kwa ndege. Lakini rubani hawezi kumwona chui chini ya miti ya Mau, wala mondo, wala bongo ambaye amebaki mchache sana duniani. Kwa hao ni lazima kutumia kamera.

Hesabu yenyewe si uchawi. Madoa ya chui mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile wewe ujuavyo kila ng'ombe wako kwa mabaka yake. Tena ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndiyo sababu kamera mbili hufungwa zikitazamana. Chui walewale wakirudi katika picha mara kwa mara, ni dalili kwamba wako wachache. Wakizidi kuonekana wapya, basi wako wengi. Huko Hispania wanaye linksi, ndugu wa mbali wa simbamangu wetu mwenye vishungi masikioni. Mwaka 2002 walibaki chini ya 100. Walilindwa, wakahesabiwa kila mwaka, na mwaka 2023 walipita 2,000.

Sasa utaniuliza, "Serikali yahesabu chui, na mbuzi wangu waliokufa atawahesabu nani?" Swali hili nalisikia ofisini mara nyingi, wala si la kipumbavu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaja chui miongoni mwa wanyama ambao hasara yao kwa mifugo hulipwa fidia. Malipo huchelewa, na hilo hakuna asiyelijua. Lakini madai mengine hufa mapema kwa sababu yameandikwa "mnyama amekula mbuzi" tu. Mnyama gani? Tazama nyayo kabla mvua haijazifuta: mbwa na fisi huacha alama za kucha, chui huficha zake. Chui huuma koo, na mara nyingi huuburuta mzoga mpaka kichakani au juu ya mti. Mbwa huuma ovyo, miguuni na mapajani. Usiusogeze mzoga. Upige picha kwa simu, kisha umwite chifu au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.

Yuko pia mtu anayetia sumu katika mzoga. Huyo namlaumu waziwazi. Sumu haichagui: humwua mbwa wa jirani, tai, na mondo, yule paka mrefu wa miguu mwenye masikio makubwa. Mondo huenda akanyakua kuku siku moja, lakini chakula chake kikubwa ni panya. Ghala lako la mahindi lamhitaji kuliko unavyofikiri. Na chui naye hula nyani na nguruwe mwitu. Nchini Ghana, simba na chui walipotoweka katika sehemu nyingi, nyani waliongezeka na kusumbua mashamba, hata watoto wengine wakakosa shule ili walinde mazao. Sisi tulio na chai hatuoni hasara hiyo upesi, kwa kuwa nyani hali chai. Lakini nani kati yetu hana kipande cha mahindi na viazi nyuma ya nyumba?

Kwa hiyo naunga mkono kamera. Lakini nina neno kwa wenye kamera pia. Kijiji kinachoombwa kulinda kisanduku kina haki ya kujua kisanduku kimeona nini. Si lazima kututajia mahali chui alipolala, maana wawindaji nao wana masikio. Yatosha tuambiwe ni chui wangapi, wameongezeka au wamepungua, na ni upande gani wa msitu mbuzi wasiachwe nje ya boma usiku. Haya yasomwe barazani, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, mbele ya wazee na akina mama wanaoteka maji kando ya msitu. Nanyi wenyewe msinyamaze. Safari ijayo mtakapowaona wakija na visanduku vyao, waulizeni kwanza, "Mara iliyopita mlipata wangapi?"