Michezo ya kompyuta kwa wenye ulemavu: Mwanza ianze na mtengenezaji

Jioni katika vibanda vya gemu jijini Mwanza, vijana hukusanyika mbele ya runinga kucheza kandanda ya kompyuta. Mchezo huo hudai mikono miwili isiyochoka na macho yanayosoma maandishi madogo kwa mbali. Kijana mwenye uoni hafifu, au aliyepoteza mkono mmoja, mara nyingi hubaki mtazamaji.

Suala hili lina uzito wa pekee Kanda ya Ziwa. Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, imelea watoto wenye ualbino na wasioona kwa miaka mingi. Ualbino huambatana na uoni hafifu na macho kuumizwa na mwanga mkali; kwa mtoto wa namna hiyo, maandishi makubwa na rangi zinazotofautiana waziwazi ndiyo mlango wa kuingilia mchezoni. Bao la mbao, kwa hakika, halikuwa na kikwazo hicho, kwani asiyeona huhesabu kete shimoni kwa vidole. Bao hilohilo likihamishiwa kwenye simu bila sauti, humfungia nje.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 3,699,872 mkoani Mwanza, na kitaifa ilibaini kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikafuatia na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja burudani na michezo, ikiwemo haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza sawa na wenzake. Ibara ya 27 inahusu kazi, nayo ndiyo husahaulika mjadala wa michezo unapoibuka.

Duniani, mchezaji amekwisha kufikiriwa kwa kiasi. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kidhibiti cha Xbox kwa watu wasioweza kutumia kile cha kawaida, na mwaka 2020 mchezo wa The Last of Us Part II ulitoka na mipangilio ya ufikivu zaidi ya 60. Mtengenezaji mwenye ulemavu amesubiri zaidi. Programu nyingi za kutengenezea michezo zilikuwa bubu kwa asiyeona: vitufe na menyu zake havikuweza kutamkwa na programu ya kusoma skrini kwa sauti. Godot, inayopatikana bila malipo, iliongezewa uwezo huo katika toleo la 4.5 la mwaka 2025, na kazi bado haijakamilika. Hata hivyo, kijana asiyeona wa Nyegezi au Ukerewe anaweza kuanza kujifunza bila kununua leseni, mradi awe na kompyuta, umeme na mtu wa kumwelekeza.

Fedha za kuanzia zipo kisheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Miradi inayozoeleka ni ufugaji, ushonaji na biashara ndogo, ambayo afisa maendeleo ya jamii huipima kwa macho: anaona kuku, anaona cherehani. Mchezo wa simu hauna banda la kukaguliwa, na kwa miezi mingi ya mwanzo hauingizi shilingi. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zikipokea andiko la kikundi cha watengenezaji wenye ulemavu, maafisa watahitaji kipimo kingine, kama vile sehemu ya mchezo inayochezeka kila baada ya miezi kadhaa, pamoja na muda wa marejesho unaoanza baada ya mchezo kuingia sokoni.