Bafle za nyumbani zisipige muziki tu

Beni, Kivu ya Kaskazini – Katika parsele nyingi za Beni zinazopokea jamaa waliokimbia kutoka upande wa Oicha na Mbau, kuna ampli na bafle mbili ndani ya nyumba. Zinapiga muziki Jumapili, siku ya ndoa, na mara nyingine usiku mzima bila kujali mgonjwa wa jirani. Lakini mama aliyekimbia na watoto wake hasikii habari. Redio yake ndogo ilibaki kijijini, na habari za asubuhi zinapita yeye akiwa tayari kwenye shamba la watu, anatafuta kibarua. Jioni anasimuliwa na jirani, ambaye naye alisimuliwa na mwingine.

Mji huu unajua bei ya habari za kusimuliwa. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, uvumi ulifanya watu waogope vituo vya matibabu na kuficha wagonjwa.

Redio haimngojei mtu, ila sauti iliyorekodiwa inamngojea. Kijana mwenye kompyuta anaweza kuhifadhi kipindi kilichotumwa kwa WhatsApp au kuletwa kwenye flash, akakipiga saa kumi na mbili jioni, akina mama wakiwa wamerudi. Simu haitoshi watu ishirini katika kiwanja. Ampli inatosha.

Kinachozuia ni woga wa nyaya. Mwenye ampli anaambiwa lazima ifunguliwe na kubadilishwa, naye analipa pesa. Mara nyingi hakuna cha kufungua. Inatakiwa waya moja tu: upande huu fishi ndogo ya milimita 3,5, upande ule fishi mbili, nyekundu na nyeupe. Ile ndogo inaingia kwenye kompyuta, kwenye tundu la visikilizio vya masikio. Zile mbili zinaingia nyuma ya ampli, palipoandikwa AUX, LINE IN au CD. Kisha kitufe cha mbele kinageuzwa kwenye jina hilohilo. Wengi wanasahau hapo, wanasema mashine imekufa.

Palipoandikwa PHONO paachwe. Ni pa santuri, ambazo sauti yake ni dhaifu sana, na ampli inaikuza mara nyingi. Sauti ya kompyuta ikipita hapo inatoka imepasuka, maneno hayaeleweki. Kibaya zaidi ni kuchomeka kompyuta pale nyaya za bafle zinapofungwa: inaweza kuungua.

Kabla ya kuchomeka, sauti ya ampli ishushwe mpaka chini. Ya kompyuta iwekwe karibu robo tatu, halafu ampli ipandishwe polepole. Bafle zikivuma, chaja ya kompyuta ichomolewe, itumike betri. Mara nyingi mvumo unaisha.

Inabaki mafuta ya jenereta. Familia inayogawa chumba, maji na ugali haiwezi kubebeshwa na hayo peke yake. Mashirika yanayoleta mabango na fulana zenye ujumbe yangefanya vizuri kuhesabu pia lita chache za mafuta kwa kila avenyu. Fulana haijibu swali la mama anayetaka kujua chanjo inatolewa wapi.

Na anayepiga kipindi aseme kwanza kimetoka redio gani na siku gani, hata kama wasikilizaji wanaharakisha. Tangazo la Jumatatu kwamba barabara imetulia, likipigwa Alhamisi bila kutaja siku, linaweza kumpeleka mtu shambani siku ambayo wenzake wanakimbia kutoka huko.